Joto la Marehemu

"Wafanyakazi na wageni wote wanatangaziwa kuwa uchongaji wa penseli katika korido ya mashariki umepigwa marufuku, kwa kuwa sauti yake huwasumbua waliolala. Penseli zichongwe uani, karibu na tangi la maji. Uongozi unawashukuru kwa ushirikiano wenu."

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa chumba cha nne, na Inspekta alilisoma lote kabla ya kushika kitasa. Ndani, juu ya kitanda chembamba, alilala Profesa, aliyelitunga na kulitia sahihi. Hapakuwa na penseli duniani ambayo ingeweza kumsumbua tena.

Ilikuwa saa saba na nusu, mchana wa jua kali, lakini jua halikuruhusiwa kuingia katika Taasisi ya Utafiti wa Usingizi. Mapazia yalikuwa mazito, zulia lilimeza nyayo, na hewa ilipozwa kwa mashine iliyovuma polepole kama mtu anayekaribia kusema jambo kisha akaghairi. Harufu tamu ya dawa ilielea kila mahali. Nyuma ya milango mingine walisikika watu wakipumua, wale wanaolipwa ili walale. Inspekta, ambaye kwa majuma kadhaa usingizi ulikuwa umempiga chenga, alihisi kope zake zikiwa nzito. Alijikaza. Haikufaa mpelelezi kusinzia mbele ya maiti.

"Mto," alisema daktari wa polisi, aliyekuwa amepiga magoti kando ya kitanda. "Tazama vidoadoa vyekundu ndani ya kope. Mdomo nao umechubuka kwa ndani. Amekandamizwa mto usoni, na hakupigana sana kwa sababu alikuwa amekunywa dawa yake mwenyewe ya usingizi."

"Saa ngapi?"

Daktari aliinua kipimajoto chake, chombo kidogo chenye kioo cha tarakimu na kibandiko cha kijani kilichoandikwa SAHIHI. "Nyuzi thelathini na moja na nusu. Nimepima mara tatu, na mara zote tatu jibu ni lile lile. Katika chumba chenye baridi hii, mwili hupoteza kama nyuzi moja kwa saa. Amekufa saa mbili asubuhi, au karibu na hapo."

"Una hakika?"

"Ndugu yangu, wewe una mashahidi wanaobadili maneno kila wakikohoa. Mimi nina shahidi anayesema jambo moja mara tatu. Umtake nani?"

Inspekta alikitazama kile kibandiko. Alikuwa mtu aliyesoma vitabu vingi kuliko cheo chake kilivyohitaji, na matokeo yake yalikuwa kwamba hakuamini karibu chochote. Lakini saa mbili ni saa mbili. Alitoka kwenda kuuliza ni nani alikuwa ndani ya jengo wakati huo.

Jibu lilipatikana upesi, na upesi huo haukumpendeza. Saa mbili asubuhi, mbali na wale waliolala, mtu mmoja tu alikuwa macho ndani ya Taasisi: mhudumu wa vitanda, mwanamume wa makamo aliyeitwa Shuka kwa sababu ya kazi yake. Asubuhi hiyo hiyo, saa moja, Profesa alikuwa amemfukuza kazi. Kosa lake lilikuwa kusinzia kazini.

"Katika jumba la usingizi," alisema Sajini, akikuna kidevu. "Afande, hata mimi ningekasirika."

Shuka alikamatwa pale pale, mikononi akiwa na mfuko wa viatu vyake vya ndani. Yeye ndiye aliyeiona maiti na kupiga yowe.

*

"Tueleze tena," alisema Inspekta, kituoni, jioni ya siku hiyo.

"Nimeshaeleza, afande."

"Eleza kama vile hujaeleza."

Shuka alivuta pumzi. "Profesa aliniita saa moja. Akaniambia nimelala wima nikiwa nimeegemea mlango. Nikamwambia mke wangu anaumwa, nakesha naye. Akasema hilo halimo katika utafiti wake. Kisha akanywa dawa yake ya usingizi, akaingia chumba cha nne kulala. Hiyo ndiyo desturi yake, hupenda kuijaribu mwenyewe. Na aliyelala pale haamshwi, afande, hata nyumba iwake moto."

"Wewe ukaenda wapi?"

"Nilimalizia vitanda. Bi Desimali alipofika saa nne nikamuaga, nikaenda Ofisi ya Kazi kulalamika. Nimekaa kwenye benchi lao mpaka kiuno kikafa ganzi. Nikarudi mchana kuchukua viatu vyangu. Nikasema acha nimwombe tena, yeye si jiwe. Nikafungua mlango, nikamgusa bega."

"Na?"

"Alikuwa na joto, afande. Joto la mtu aliyelala. Ndiyo maana nilimtikisa kwanza. Kama angekuwa baridi ningekimbia moja kwa moja."

"Daktari anasema alikuwa amekufa tangu saa mbili."

"Daktari amesoma. Mimi nina mkono tu."

Inspekta alimpelekea Daktari maneno hayo, naye Daktari aliyapokea kama mtu anayepokea sarafu iliyofutika.

"Mkono si kipimo, bwana. Mkono una ngazi tatu: baridi, vuguvugu, moto. Huwezi kuandika mkono kwenye ripoti."

"Lakini ngazi hizo tatu zinafuatana. Mkono haukosei ukisema hiki ni moto kuliko kile."

"Unamtetea?"

"Ninauliza."

"Uliza ukiwa umelala vizuri," alisema Daktari kwa upole. "Macho yako yamekuwa kama ya bundi."

*

Yule aliyeitwa Bi Desimali alikuwa mtakwimu wa Taasisi. Walimpa jina hilo kwa sababu hakukubali nambari yoyote ikatwe mkia. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mtulivu, mjane, na ofisi yake ndiyo pekee ambayo pazia lake lilikuwa limefunguliwa. Vumbi lilielea katika mwanga bila haraka. Inspekta aliketi, na kwa kitambo hakukumbuka amekuja kuuliza nini.

"Nilifika saa nne," alisema Bi Desimali bila kuulizwa. "Nilikuwa kwa dada yangu, upande wa pili wa mji. Yeye na watoto wake wote watakuambia."

"Hapa mnapima nini hasa?"

"Usingizi. Au tuseme, tunadai kuupima. Madereva wa malori wanaotumia dawa nyingine ya Profesa, ile ya kufukuza usingizi, huletwa hapa, wanaulizwa swali moja: unasikia usingizi kiasi gani, kuanzia moja hadi saba? Akijibu moja au mbili, anapewa cheti kwamba yuko macho na anaweza kuendesha."

"Na Profesa mwenyewe, kwa kipimo hicho, alikuwa bosi mwema kiasi gani?"

"Mbili."

"Na Shuka ni mtu mwema kiasi gani?"

"Sita."

"Kwa hiyo Shuka ni mwema mara tatu ya Profesa."

"Hapana, Inspekta." Kwa mara ya kwanza alimtazama usoni. "Nambari hizo ni foleni tu. Zinakuonyesha nani yuko mbele ya nani. Hazikuonyeshi wameachana kwa umbali gani. Profesa alikuwa akizijumlisha na kuzigawanya kama vile ni kilo za mchele. Nusu ya madereva walisema moja, nusu wakasema saba, naye akaandika kwamba dereva wa kawaida yuko kwenye nne, usingizi wa kiasi. Dereva huyo wa nne hakuwahi kuzaliwa."

"Ulimwambia?"

"Kila juma. Alijibu kwamba chombo chake ni thabiti. Ukimwuliza dereva leo anasema mbili, ukimwuliza kesho anasema mbili. Nikamwambia uthabiti ni jambo moja na uhalali ni jambo jingine. Mtu anaweza kurusha mishale yote ikagota mahali pamoja, na mahali hapo pasiwe shabaha. Alisema ninapenda mashairi."

Inspekta alimshukuru, akatoka. Koridoni alisimama kidogo akisikiliza pumzi za waliolala zikipishana, na kwa muda mfupi ilimjia picha kwamba jengo zima lilikuwa kifua kimoja kilichopanuka na kusinyaa, na yeye alikuwa kitu kilichokwama ndani yake.

*

Siku ya tatu mkuu wa kituo aliagiza Shuka apelekwe mahakamani kesho yake kwa shtaka la mauaji. Shtaka hilo, katika nchi ile, lilikuwa na adhabu moja tu.

Mke wa Shuka alikuwa ameketi kwenye benchi la kituo tangu asubuhi, amejifunga khanga kichwani kwa sababu ya homa.

"Kaka," alimwambia Inspekta, "nakuuliza kama ndugu. Mnamwua?"

"Mahakama ndiyo itakayoamua, shemeji."

"Mahakama itawauliza nyinyi, nyinyi mtamwuliza daktari, daktari atakiuliza kile kijiti chake. Sasa mimi nimwombe nani? Nimpigie magoti kijiti?"

Inspekta alimwita Daktari amtazame yule mama, kwani homa yake ilionekana hata kwa asiyesoma. Daktari alikuja, akachomoa kipimajoto chake chenye kibandiko cha kijani, akampima, akatabasamu kwa kuridhika.

"Nyuzi thelathini na sita na nusu. Huna homa, mama. Ni mawazo tu."

Inspekta aliweka kiganja chake kwenye paji la uso la mwanamke. Lilikuwa linawaka kama kikaango.

Akabaki amesimama hivyo, mkono hewani. Kitu kilikuwa kinamjia polepole, kama vile mambo yanavyomjia mtu aliye kati ya kulala na kuamka, pale ambapo vitu visivyohusiana hushikana mikono bila kuomba ruhusa.

"Nipime mimi," alisema.

"Wewe unaumwa?"

"Nipime."

Daktari alimpima. Akatazama kioo, akakifuta kwa kitambaa, akapima tena. Akapima mara ya tatu. Tabasamu lilimtoka usoni.

"Inasema nini?"

"Thelathini na tatu na nukta nane. Mara zote tatu."

"Kwa hesabu yako, Daktari, mimi nimekufa saa ngapi?"

Daktari alikaa kwenye benchi kando ya mke wa Shuka. "Saa tatu zilizopita," alisema kwa sauti ndogo. "Zaidi kidogo."

"Basi nilikufa kabla ya chai. Nilidhani ni uchovu."

Walikwenda kwenye jiko la kituo. Inspekta alijaza bilauri kwa barafu iliyopondwa na maji, akasubiri ianze kuyeyuka, akatumbukiza kipimajoto. Barafu inayoyeyuka haina maoni. Siku zote iko sifuri. Kipimajoto kilisema iko nyuzi tatu chini ya sifuri. Kisha wakachemsha maji kwenye sufuria, yakatokota mpaka mfuniko ukacheza, na kipimajoto kikasema tisini na saba.

"Nyuzi tatu kila mahali," alisema Inspekta. "Hakikuharibika. Kilichoharibika huyumba. Hiki kimefundishwa."

"Joto la marehemu lilikuwa thelathini na nne na nusu, basi," alisema Daktari, akihesabu kwa vidole kama mwanafunzi. "Alikufa saa tano, au saa tano na nusu. Mungu wangu. Saa hizo Shuka alikuwa kwenye benchi la Ofisi ya Kazi mbele ya watu wote."

"Kipimajoto hiki hukipeleka kukaguliwa na kusawazishwa wapi?"

Daktari alimtazama kwa macho ya mtu aliyeamshwa ghafla.

"Taasisi ya Usingizi," alisema. "Kila mwaka, sisi na hospitali. Wana maabara nzuri. Kilirudi juma lililopita, na kibandiko."

"Nani hubandika?"

*

Bi Desimali alikuwa dirishani. Inspekta aliweka kipimajoto mezani, kibandiko kikiwa juu. Sajini alisimama mlangoni na karatasi za kuandikia maelezo ya mtuhumiwa, akijaribu kutokupiga miayo.

"Unakitambua?"

"Ndiyo."

"Nani alikisawazisha mwaka huu?"

"Mimi."

"Mtu mwingine alikigusa?"

"Hapana. Ungependa kukaa, Inspekta? Umepauka."

"Nimekufa tangu asubuhi, kwa mujibu wa chombo chako. Saa tano ya siku ile ulikuwa wapi?"

"Hapa ndani."

"Na nani?"

"Peke yangu. Kisha chumba cha nne." Alisema hivyo bila kuinua wala kushusha sauti. "Andika tu, Sajini. Sitakana."

Inspekta alimsomea haki zake. Alizisikiliza zote kwa adabu, kama mtu anayesikiliza wimbo anaoujua.

"Sababu?"

"Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Alikunywa dawa ile mwaka mzima. Kila mwezi alikuja hapa, akaulizwa swali la Profesa, akajibu mbili. Alikuwa mkweli, Inspekta. Alihisi yuko macho. Dawa ile huondoa hisia ya usingizi. Usingizi wenyewe huuacha pale pale. Swali lilipima anachohisi, na barabara haijali mtu anahisi nini. Alilala akiwa ameshika usukani, kwenye mteremko, mchana kweupe. Mfukoni mwake walikuta cheti."

"Ulimweleza Profesa?"

"Nilimpelekea mahesabu. Nilimwonyesha madereva wengine ishirini na mmoja. Akasema: mama, pole sana, lakini majibu ya mumeo hayakuyumba hata mara moja. Chombo kilikuwa thabiti." Nje tangi la maji lilidondosha tone, kisha jingine. "Nilikwenda kila mahali panapokwendwa. Kote waliniuliza swali moja, je, majibu yalikuwa yanabadilikabadilika? Nikasema hapana. Wakafunga faili. Ndipo nikaamua kwamba naye apimwe kwa kitu kisichobadilika. Nilijua Daktari angepima mara tatu. Wote hupima mara tatu. Hakuna anayepima kitu kingine."

"Na Shuka?"

Kwa mara ya kwanza mikono yake ilitafuta mahali pa kutua.

"Nilihitaji saa ambayo mimi sikuwepo. Niliitafuta saa tu. Sikujiuliza ndani ya saa hiyo yupo nani. Kazini kwetu kuna kigeu, yaani jambo linalobadilika, ambalo mtafiti hakuliweka kwenye hesabu, nalo ndilo linaloharibu kila kitu. Nimewafundisha watu jambo hilo kwa miaka kumi na tano."

"Amekaa mahabusu siku tatu. Kesho alikuwa aende kujibu shtaka la kifo."

"Najua. Kila asubuhi nilivaa nije kituoni, na kila asubuhi nilifika kwenye geti la hapa."

"Ulimpa Shuka wema wa sita kati ya saba."

"Ndiyo."

"Na wewe mwenyewe?"

Bi Desimali alifikiri kwa uangalifu ule ule aliofikiria nao kila kitu.

"Hicho kipimo si halali, Inspekta," alisema. "Lakini weka moja."

*

Shuka aliachiliwa jioni ile. Alitoka akiwa na mfuko wake wa viatu, akamgusa mkewe paji la uso, akasema, "Wewe unachemka," nao wakaenda hospitalini kwa miguu, yeye akimshika kiwiko kana kwamba si yeye aliyetoka mahabusu.

Inspekta hakulala usiku ule pia. Aliandika ripoti ndefu, na nyuma yake akaambatanisha mahesabu ya Bi Desimali kuhusu madereva ishirini na wawili, akimhesabu mumewe. Aliyasoma kama alivyosoma kila kitu, akitafuta mahali pa kutokuamini, na hakupaona. Dawa ilikuwa bado inauzwa. Malori yalikuwa bado yanapita chini ya dirisha lake, moja baada ya jingine, taa zao zikisafiri juu ya dari la chumba na kutoweka pembeni. Akaipeleka ripoti kwa Bodi ya Leseni za Uchukuzi, akiomba cheti cha Profesa kisitishwe mpaka madereva wapimwe wanavyoendesha badala ya kuulizwa wanavyojisikia.

Bodi ilikutana, ikasimama kimya kwa dakika moja kumkumbuka Profesa, kisha ikajadili. Uamuzi wake uliletwa kituoni kwa tarishi, ukiwa na muhuri:

"Bodi imepokea kwa uzito unaostahili hoja kuhusu ubora wa kipimo. Ili kuondoa shaka yoyote, imeamuliwa kwamba kuanzia sasa kila dereva ataulizwa swali lile mara tatu, na cheti kitatolewa kwa yule tu ambaye majibu yake yote matatu yatafanana."